Elmer Keith na Kalibu ya Magnum

Lugha yetu haitenganishi baina ya madini na kile kitokacho mdomoni mwa bunduki: vyote viwili ni risasi. Na chombo ambacho madini hayo humiminwa ndani yake yakapata umbo, wazee wetu walikiita kalibu, neno tulilolipokea kwa Waarabu. Wajuzi wengi wa lugha za Ulaya husema kwamba neno hilo hilo ndilo lililovuka Bahari ya Kati, likapita vinywani mwa watu wa huko mpaka likawa kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu. Kwa hivyo nimwelezapo leo Mmarekani mmoja aliyeshindana na viwanda muda wa umri wake juu ya umbo la kalibu, sidhani kuwa namleta kwenu mgeni asiye na nasaba nasi hata chembe. Sonara wa Mji wa Kale anaijua kalibu, na mvuvi wa Lamu ayeyushaye risasi kufanya chubwi la mshipi anajua vile vile kwamba umbo baya hutoa kazi mbaya.

Mtu huyo ni Elmer Keith. Alizaliwa tarehe 8 Machi 1899 katika mji wa Hardin, jimbo la Missouri, akafa tarehe 14 Februari 1984 huko Boise, Idaho. Baina ya siku mbili hizo alikuwa mchunga ng'ombe, mpanda farasi wakorofi, mtega wanyama wa ngozi, kiongozi wa wawindaji milimani, mkaguzi wa bunduki za jeshi, na hatimaye mwandishi ambaye vitabu vyake vimesomwa na kila ashikaye bastola katika nchi ile. Kisomo chake cha darasani kilikuwa haba, na wahariri walitoka jasho kunyoosha tahajia yake. Lakini aliandika juu ya mambo aliyoyatenda kwa mikono yake, na wasomaji walilijua hilo.

Mikono hiyo nayo ina kisa chake. Mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 12 hivi, alikuwa pamoja na wazazi wake katika hoteli moja ya mji wa Missoula, jimbo la Montana, hoteli ikashika moto usiku. Alitolewa ameungua vibaya sana, na madaktari hawakumtumainia kuishi. Aliishi, ila mkono wake wa kushoto ulipona ukiwa umepinda kinyume, vidole vimejikunja hata haufai kwa kazi yoyote. Ikawa ni watu wa nyumbani kwake waliojitia moyo wakauvunja na kuunyosha kwa nguvu, wakaufunga kwenye ubao mpaka ukarudi kushika. Mtoto aliyevumilia hayo akaja kuwa mpigaji shabaha mashuhuri. Sioni haja ya kuongeza neno hapo.

Sasa nije kwenye siku iliyomtia katika habari ya kalibu. Tarehe 4 Julai 1925, sikukuu ya uhuru wa Marekani, Keith alikaribisha mapambazuko kwa kupiga risasi hewani, kama walivyofanya wachunga ng'ombe wa zama zile. Bastola yake ilikuwa Colt ya kaliba .45, ya umbo lile lililotoka mwaka 1873. Risasi alizijaza mwenyewe, na alizijaza kwa tamaa: zenyewe nzito kuliko desturi, na baruti nyingi nyuma yake. Katika mlio mmoja sehemu ya juu ya silinda ilipasuka ikaruka, pamoja na ukingo wa chuma upitao juu yake. Yeye alisalimika. Mwaka ule ule gazeti la wapiga shabaha, American Rifleman, likachapisha habari yake, na hapo ndipo jina lake lilipoanza kujulikana.

Mtu mwingine angeliacha mchezo. Keith alikaa akapiga hesabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Silinda ya bastola ile ni ya unene ule ule, iwe ya kaliba .45 au ya .44, tundu likiwa dogo zaidi, ukuta wa chuma unaobakia baina ya tundu na tundu ni mnene zaidi. Basi akaihama .45 akaishika .44 Special, risasi iliyokuwapo tangu miaka ya mwanzo ya karne ile lakini ikijazwa na viwanda kwa woga mkubwa. Akaazimia kuijaza kwa nguvu ambazo chuma kipya kiliweza kuzibeba. Hapo akakutana na kikwazo cha pili, nacho si baruti wala chuma: ni umbo la risasi yenyewe.

Risasi za bastola za wakati ule zilikuwa na pua ya mviringo. Pua ya namna hiyo huteleza katika nyama, ikatoka upande wa pili ikiacha tundu dogo, na mnyama akaenda kufia mbali ambako hakuna amwonaye. Kwa mtu anayeishi kwa kuwinda hiyo ni hasara, na kwa mnyama ni mateso. Zilikuwapo pia risasi bapa kabisa mfano wa kizibo, ambazo hukata karatasi ya shabaha vizuri lakini hazisafiri mbali kwa unyofu. Keith alitaka sifa za zote mbili: ikate kama kizibo na isafiri kama mshale.

Mwaka 1928 alipokuwa akiishi Durkee, mashariki ya Oregon, alitembelewa na Harold Croft wa Pennsylvania, mtu mwenye hamu kama yake, aliyevuka bara zima na begi la bastola zilizokwisha kubadilishwa hili na lile. Walipiga, walibishana, walipima. Katika miaka hiyo ya mwisho ya 1920 Keith akachora risasi yake na kuipeleka kwa kampuni ya Lyman, ambayo mwaka 1925 ilikuwa imeinunua Ideal, jina kongwe katika kazi ya kalibu. Ikatoka kalibu nambari 429421. Anayeona nambari hiyo kama fumbo na asione hivyo: tarakimu tatu za mwanzo ni upana wa risasi, sehemu 429 za elfu ya inchi, na tatu za mwisho ni nambari ya mchoro. Naam, kaliba .44 ni .44 kwa jina tu. Dada zake wakafuata, 454424 kwa .45 na 358429 kwa .38.

Hebu tuitazame risasi hiyo kwa makini, maana ubishi wote unaokuja umo humu. Wamarekani hupima risasi kwa punje, na ratili moja ina punje 7,000; hii ilikuwa na uzito wa punje 250 au karibu yake, yaani gramu 16 na kitu. Pua yake ni pana na mwisho wake ni bapa. Chini ya pua kuna bega lililokatwa wima, nalo ndilo likatalo tundu kamili. Mwili una mikanda mitatu iliyolingana upana. Mkanda wa mbele hukaa nje ya ganda, ukajaa sawasawa katika koo la silinda, hata risasi ikaanza safari yake ikiwa imenyooka kabla haijafika mtutuni. Chini ya mkanda huo kuna mfuo wa kubania, ambao mdomo wa ganda hukunjwa ndani yake ili risasi isisogee kwa mshindo wa zile zinazotangulia. Na baina ya mikanda miwili ya chini kuna mfuo wa nta, mpana, wenye kina, na pembe zake zimekatwa mraba. Kitako ni bapa, hakina kikofia cha shaba.

Mfuo huo wa nta ndio roho ya jambo. Risasi tupu ipitayo kwa kasi katika mtutu wa chuma huyeyuka kidogo ikaacha uchafu katika mifuo ya ndani, na baada ya mapigo machache bastola haipigi tena penye shabaha. Nta ndiyo kinga. Mfuo wa mraba hubeba nta nyingi kuliko mfuo wa mviringo wenye upana ule ule. Hata mtoto anayefinyanga udongo ataliona hilo.

Ugumu wa madini ulikuwa kinga ya pili. Risasi peke yake ni laini, ukucha waweza kuikwaruza. Huweza kuimarishwa kwa antimoni, ambayo ndiyo ile ithmidi au wanja wa manga wa bibi zetu, lakini antimoni ikizidi hufanya risasi iwe kavu na kuvunjika inapogonga mfupa. Keith alipendelea stani, na kwa mijazo yenye nguvu kipimo chake kilijulikana: sehemu 1 ya stani kwa sehemu 16 za risasi. Kazi yenyewe ni ya subira. Chungu cha chuma motoni, upawa, na kalibu ya vipande viwili yenye mikono ya mbao mfano wa koleo. Kalibu ikiwa baridi, risasi hutoka na makunyanzi kama uso wa ajuza. Ikipata moto wake, hutoka laini na pembe zake kali. Tone moja la maji likiingia chunguni, risasi hulipuka na kumrukia mtu usoni. Na moshi wake ni sumu, ndiyo sababu mwenye akili hufanya kazi hiyo penye upepo. Wakati huo Keith alikuwa mfugaji maskini, asiyeweza kununua maelfu ya risasi za dukani. Kwa kalibu moja na vipande vya risasi kuukuu alipiga apendavyo.

Mwaka 1935 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola ya kwanza kuitwa Magnum, ya kaliba .357. Njia ilikwisha kusafishwa na watu kama Keith, waliokuwa wakijaza .38 kwa nguvu katika bastola nzito zilizotoka mwaka 1930. Ganda lilirefushwa kadiri ya thumni ya inchi kupita lile la .38 Special, ili risasi mpya isiingie katika bastola dhaifu ya zamani ikamlipukia mtu mkononi. Ni hekima kubwa katika jambo dogo.

Lakini hapa ndipo mchaguaji wa kalibu anapokwama. Kalibu ya Keith ya .38, ile 358429, ina pua ndefu. Ukiitia risasi yake katika ganda refu la Magnum na kuibana penye mfuo wake, ncha hutokeza mbele ya silinda ya Smith & Wesson, na silinda haizunguki. Wapigaji wakawa na njia mbili: ama watumie ganda fupi la .38 Special, ama waizamishe risasi zaidi na kuibana juu ya mkanda wa mbele. Zote mbili zilifanya kazi, wala hakuna hata moja iliyopendeza. Katika miaka ya 1950 akaja Ray Thompson na kalibu yake 358156, yenye mifuo miwili ya kubania, mmoja kwa kila ganda, na kitako chenye kikofia cha shaba cha kuzuia moto wa baruti. Wengi waliichagua hiyo, na kwa .357 mimi nawaona walichagua vyema. Keith hakuwa na haja ya kikofia. Aliona kwamba risasi ngumu, yenye nta ya kutosha na upana unaolingana na koo la silinda, haihitaji kuvishwa.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi katika ghala la silaha la jeshi huko Ogden, Utah, akikagua bunduki, na zile alizozipitisha zilipigwa muhuri wa herufi OGEK. Watu wakusanyao bunduki za vita huitafuta alama hiyo. Baada ya vita akakaa mji wa Salmon, Idaho, akiandika na kuwasumbua wakuu wa viwanda kwa ombi moja tu: watengeneze .44 yenye nguvu kama zile alizojijazia mwenyewe tangu ujana wake. Jawabu lao lilikuwa ni hofu. Bastola kuukuu za .44 Special zilikuwa zimetapakaa nchini, na ingetosha mtu mmoja kutia risasi mpya katika chuma cha kale.

Dawa ikawa ile ile ya thumni ya inchi. Remington ikatengeneza risasi, Smith & Wesson chini ya Carl Hellstrom ikatengeneza bastola, na za kwanza zikakamilika Desemba 1955; dunia ikatangaziwa mwanzoni mwa 1956. Keith alipelekewa mojawapo ya zile za mwanzo. Hakupewa alichokiomba hasa: yeye aliomba risasi ya punje 250 kwa mwendo wa futi 1,200 kwa nukta, akapewa ya punje 240 iendayo kasi zaidi ya hapo. Na risasi ya kiwanda ilikuwa laini, ikichafua mtutu. Akaitazama, akarudi kwenye chungu chake na kalibu yake 429421, ambayo sasa ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 25 na ikaingia katika bastola mpya kana kwamba ndiyo iliyoizaa. Ukitaka ukweli, ndivyo ilivyokuwa.

Umaarufu huleta balaa lake. Kadiri wanunuzi walivyoongezeka, ndivyo kalibu ilivyobadilika kidogo kidogo kiwandani. Mfuo wa nta ukaviringishwa, kwa kuwa risasi yenye mfuo wa mviringo hudondoka upesi kalibu inapofunguliwa, ilhali yenye pembe za mraba hung'ang'ania. Mkanda wa mbele ukapunguzwa upana. Uzito ukawa unatofautiana. Nambari ikabakia ile ile, na jina la Keith likabakia midomoni mwa wauzaji. Jambo hili lilimuudhi mpaka mwisho, naye aliliandika mara kwa mara bila ya haya wala kificho. Wapo waliomwona mzee mwenye inda, ashikaye robo ya uzi wa inchi. Mimi niliyezoea kupima mashairi namwelewa kabisa: ukiacha kina kimoja na kupunguza mizani mbili, kisha ukabakisha jina la mtunzi chini ya utungo, umemdhulumu, hata kama utungo bado waimbika.

Watengenezaji wengine waliuheshimu mchoro. Hensley & Gibbs, kwa kalibu yao nambari 503, waliufuata ule wa asili, na baadaye RCBS wakatoa ya kwao yenye mfuo wa mraba, punje 250. Kwa bastola ya .44 Magnum, basi, swali la kalibu ipi ya kuchagua lilikuwa na jibu tangu zamani, ila si jibu la nambari. Keith alitaka kwanza koo la silinda lipimwe, risasi ilingane nalo. Kisha itazamwe mikanda kama imelingana, na mfuo kama ni wa mraba.

Sifa haikumpa amani. Aliwahi kusimulia jinsi alivyompiga kulungu aliyekwisha kujeruhiwa na mwenziwe, kwa bastola ya .44 Magnum, umbali wa yadi 600, na watu wakamwita mwongo kwa muda wa miaka mingi. Mimi namsadiki. Hakudai kuwa alipiga kwa risasi ya kwanza. Alisema zile za mwanzo zilikosa, akaona vumbi lilipotimka, akarekebisha. Mtu mwongo hujipunguzia aibu, hajiongezei. Kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1974, kikatolewa tena mwaka 1979 kwa jina jipya, kilibeba katika jina hilo kiapo kizito cha kwamba yeye mwenyewe alikuwapo. Mshindani wake mkubwa, Jack O'Connor, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu kabla ya kuwa mwandishi wa silaha, alipenda risasi nyepesi na za kasi. Keith alipenda kubwa na nzito. Walirushiana maneno magazetini mpaka O'Connor alipofariki mwaka 1978, na naona kila mmoja alimsaidia mwenziwe kuuza magazeti.

Afrika ya Mashariki nayo aliikanyaga. Alikuja kuwinda huku mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za wakoloni, na mwaka 1968 akatoa kitabu alichokiita Safari, neno letu lililokwisha kugeuzwa maana likawa uwindaji wa matajiri. Hapa Kenya uwindaji huo ulipigwa marufuku mwaka 1977. Sitaki kujifanya kwamba kila alichokiua Keith kilinipendeza; tembo na nyati walikuwa wengi machoni mwa watu wa rika lake kuliko walivyo machoni mwetu.

Mwaka 1971 sinema moja ya polisi, iliyochezwa na Clint Eastwood, iliifanya .44 Magnum itafutwe madukani na watu wasiojua hata kuishika, na mwaka 1973 Keith akawa wa kwanza kupewa tuzo ya mpigaji bastola bora wa Marekani. Mwaka 1981 alipatwa na kiharusi, wala hakuandika tena. Bastola zake zilinadiwa hadharani mwaka 2015 kwa bei ambazo mchunga ng'ombe wa Durkee asingeziota. Kalibu yake haikuhitaji mnada ili itafutwe. Wapenzi wa kazi hiyo huzinunua zile kuukuu za 429421 mikononi mwa wajane na katika maduka ya vitu vya zamani, na kabla ya kutoa fedha hufungua vipande viwili, wakavielekeza kwenye mwanga, na kuutazama ule mfuo wa nta kama pembe zake ni za mraba.